Kuku Wanampisha Nani

Jumatatu, 17 Machi

Bwana mifugo amesema niandike kila siku kuku wameamkaje. Haya, naandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne la wakati ule si la kuchezea. Daftari ni la mjukuu wangu Princess. Ameandika kurasa za mwanzo akaliacha, ndivyo walivyo watoto wa siku hizi, wanaanza kila kitu.

Kideri kimeingia. Kwa jirani wa bondeni kuku wameanguka wote, shingo zimepinda kama kamba. Huyu bwana mifugo anaitwa Gidion, kijana wa kutoka Olmotonyi. Amewatia wangu matone ya chanjo machoni, akasema wasikanyage nje mpaka chanjo ishike na ugonjwa upite. Nikamwambia banda lilibebwa na mvua ya juzi, zimebaki nguzo. Akasema, "Basi bibi, waingize ndani."

Ndani wapi? Ndani kwangu! Mimi ambaye sijawahi kuruhusu hata paka alale kwenye saruji yangu.

Lakini ni kuku wangu. Hawa siwali, ieleweke. Kuku wa kula nanunua. Hawa wana majina: Diwani ndiye jogoo, maneno mengi na kazi haionekani. Mama Mchungaji anatembea kama ameshika Biblia kwapani. Kishingo hana manyoya shingoni na wala haoni aibu. Na wengine.

Naserian, mke wa mwanangu Abdiel, amemwaga maranda korido nzima, kuanzia mlango wa mbele mpaka mwisho kwenye chumba cha Abdiel. Chumba hicho nimekifunga kufuli mwenyewe, atakifungua akirudi. Naserian akaniuliza, "Mama, na kudeki nitadekije?" Nikamwambia maranda hayadekiwi. Huyu mwanamke masika yote anadeki korido alfajiri kama ameajiriwa hotelini. Sasa atapumzika. Lakini hakufurahi. Alisimama na lile tambara mkononi mpaka nikamwambia aliweke chini.

Jumanne, 18 Machi

Kuku wazima. Wanakunya. Mvua.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua haikati. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, Meru yote imemezwa. Saa za mchana ni kama jioni. Kuku wazima.

Leo amekuja shemeji yangu Naftali, mdogo wa marehemu mume wangu. Hakukaa hata chai ikapoa.

"Shemeji, hii ni masika ya tatu."

"Najua kuhesabu."

"Lile shimo la machimboni lilijaa maji, Shemeji. Waliotoka walitoka siku ileile. Abdiel hakutoka."

"Abdiel yuko kazini."

Akavua kofia. Akivua kofia najua linakuja lile neno lake. Kwetu mtu akipotelea majini au shimoni asipatikane, ukoo unakata mgomba wa kimo chake, unauvisha nguo zake, unauzika kama mtu. Hapo mke wake anakuwa mjane kamili, anaweza kuanza maisha mengine. Ila mgomba haukatwi bila kauli ya mama mzazi, maana ni yeye anayeupakata kwanza kabla haujaingia ardhini. Ukoo mzima umeshakubali. Imebaki kauli yangu tu, na siitoi.

"Mimi sikuzaa mgomba, Naftali. Ukitaka kuzika mgomba, zaa wako."

Akacheka, kisha akaona sicheki. Akasema taratibu, "Kuna mtu ameleta wazee kwangu kwa adabu. Anamtaka Naserian. Ni yule Gidion wa mifugo."

Ndipo nikafumbuka macho. Kideri gani! Kijana ameona mlango wa mbele umefungwa, anaingia kwa mlango wa kuku. Akimchukua Naserian ataondoka na Princess pia, na mimi nibaki nikiongea na sufuria. Hawanipati.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani, nani atakaa na hawa.

Nitaandika jambo nililoliona, maana niliambiwa niandike kuku wanafanya nini. Jioni nilipika pumba nikawamwagia koridoni. Walikuwa wametapakaa, wanadonoa, wanagombana. Mara kimya. Diwani akashusha kichwa mpaka kifua kikagusa maranda. Kisha wakagawanyika, hawa wakabanana ukuta wa huku, wale ukuta wa kule, wakaacha njia katikati, upana wa mtu mmoja. Hakuna aliyelia. Nilikuwa na muda wa kusali Baba Yetu yote. Halafu wakarudi kudonoa kama hakukuwa na kitu.

Princess alikuwa mlangoni pa jikoni na kiazi mdomoni. "Bibi, wanampisha nani?"

"Wanayapisha hayo maswali yako yaende nje. Kalete kuni."

Jumatatu, 24 Machi

Wazima.

Jumanne, 25 Machi

Jioni tena. Safari hii niliweka kigoda nikaangalia. Hakuna nyoka, hakuna kicheche, nilimulika mpaka chini ya kabati. Njia inaanzia mlango wa mbele na inaishia kwenye kufuli.

Alhamisi, 27 Machi

Hawatagi. Kishingo peke yake ametaga yai moja lisilo na gamba, ngozi tupu, unaliona linatikisika kwenye kiganja. Ndani hakukuwa na kiini. Kulikuwa na maji meusi.

Nikaenda kulitupa chooni. Naserian aliniona nimelishika, akakaa chini palepale jikoni. Nikamwambia inuka, yai si maiti. Hakujibu. Simpendi mtu ambaye hajibu.

Jumamosi, 29 Machi

Gidion amekuja kuangalia. Viatu alivua nje kwenye mvua. Adabu anayo, hilo nitaliandika ingawa simtaki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kuangalia kuku au mke wa mtu?"

"Kuku, bibi."

"Basi weka macho chini. Kuku wako chini."

Akawashika mmoja mmoja, akawafungua midomo, akawanusa mavi. Akasema kideri hakipo hapa, wangehema kwa shida na mavi yangekuwa ya kijani. Halafu akauliza, "Nani amemwaga maji hapa katikati?"

Nikaangalia. Maranda yalikuwa yamelowa, mstari mmoja, kutoka mlango wa mbele mpaka chumba cha Abdiel. Pembeni kote kukavu. Gidion akainua macho kuona kama bati linavuja. Dari kavu kabisa. Akachota ule unyevu kwa vidole, akausogeza dirishani. Ulikuwa tope. Jeusi, na linang'aa kama risasi ya penseli.

Naserian alikuwa anakuja na chai. Akaliona, akageuka na chai yake akarudi jikoni. Kijana naye akabaki akivitazama vidole vyake. Kila mtu Arusha ana ndugu aliyewahi kwenda machimboni, na kila mtu analijua tope lile. Udongo wetu wa mlimani ni mweusi lakini haung'ai. Linalong'aa nimelifua kwa mikono yangu, kwenye suruali za mtu mmoja tu.

Nikamwambia Gidion aende, kuku wazima.

Jumapili, 30 Machi

Nimefungua kufuli.

Jumatano, 2 Aprili

Nimetoa godoro nikalikung'uta, nikatandika shuka la maua, nimefukuza buibui. Kila jioni kuku wakishapisha, mimi naingia na bakuli la loshoro, ndizi na mahindi na mtindi kama alivyoipenda, naweka kwenye stuli, nafunga mlango taratibu. Asubuhi nakuta loshoro iko palepale, lakini juu ina utando mweusi. Hajala, ila amegusa. Kitanda kimelowa ukingoni, mahali mtu anapoketi. Katikati kikavu. Halali. Amechoka tu, atalala.

Naftali alisema nizike mgomba! Leo nimeimba wakati napepeta mchele. Princess akaniuliza nina nini. Nikamwambia mtoto hamuulizi mkubwa ana nini.

Naserian haimbi. Ananitazama nikipita na bakuli kama mtu anayemtazama mlevi karibu na kisima.

Jumamosi, 5 Aprili

Kuku hawashuki tena katikati ya korido. Zamani ilikuwa jioni tu. Sasa kutwa wamebanana ukutani, na ukimweka mmoja katikati anakimbilia ukutani. Wanakula kwa kunyoosha shingo. Maji ya kunywa nayabadilisha, nikirudi yana utando. Diwani anapanua mdomo awike na sauti haitoki. Ajabu kumwona jogoo akijitahidi hivyo. Kama mtu anayekuita akiwa ng'ambo ya mto.

Nyumba inanuka shimo.

Jumanne, 8 Aprili

Mama Mchungaji amekufa.

Nimemkuta chini ya mlango wa chumba cha Abdiel, juu ya maranda makavu, na yeye mwenyewe chapachapa, manyoya yameshikana mwilini kama ametolewa mtoni. Princess alilia mpaka akatapika. Naserian bila kuniuliza akampigia Gidion simu. Akaja na kisu chake na mifuko ya nailoni mikononi, akampasua uwani chini ya bati.

Alikaa muda mrefu amechuchumaa. Kisha akasema, "Bibi, huyu kuku amezama."

"Amezama wapi? Hapa ndani hakuna maji marefu kuliko karai."

"Njoo uone mapafu."

Sikutaka kuona, nikaona. Yalikuwa yamejaa, meusi, na alipoyaminya maji yakatoka yanang'aa.

Nikasema mengi. Nikamwambia amenitilia sumu kwenye yale matone. Nikamwambia anataka kunifukuza kwangu ili apate njia. Nikamwita fisi anayesubiri mwanamume mwenzake aoze. Kijana akanawa mikono akasema, "Nimesikia, mama," akavaa viatu akaondoka. Hakunijibu vibaya. Ingekuwa afadhali angenijibu.

Hapo Naserian akasema, "Mama, kaa chini."

Hajawahi kuniamuru tangu aolewe. Nikakaa kwa mshangao.

Akasema, "Unajua kwa nini nilikuwa nadeki?"

"Kwa sababu hukuwa na kazi."

"Anakuja kila masika, Mama. Tangu ile ya kwanza. Mvua ikishika kule juu, anakuja. Nikiamka naukuta mstari umetoka mlangoni mpaka kwenye kufuli, na mahali aliposimama kuna dimbwi. Nilikuwa nadeki kabla hujaamka, ili usione. Ulivyoniagiza nimwage maranda, ulivyosema hayadekiwi, nikajua mwaka huu utaona."

Nikamwambia, "Ulikuwa unamfuta mwanangu kwa tambara."

"Nilikuwa nakufichia. Wewe ungemfungulia."

Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi aongee kwa nguvu. Aliongea kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni na sasa anautupa tu popote.

"Kabla hujafungua, alikuwa anasimama, akipambazukiwa anaondoka. Sasa haondoki. Umempa kitanda, na hawezi kukilalia. Sikia, mimi ni mke wake, nilimwambia kwa mdomo wangu, baba Princess, lala. Hanisikii. Mimi nilimkuta mtu mzima. Aliyemlaza tangu kuzaliwa si mimi."

"Na Gidion?" nikamuuliza. "Naye ulikuwa unamdekia?"

Akanitazama, akacheka kicheko kibaya kisicho na furaha. "Gidion alikuja kuuliza mwaka jana, nikamwambia mimi bado nina mume, anakuja nyumbani. Akaniuliza anakuja lini. Nikamwambia mvua ikinyesha. Hakunicheka, Mama. Ni yeye tu ambaye hakunicheka."

Nimeandika yote haya kwa sababu sipati usingizi wa mchana na sitaki kupita koridoni. Masika tatu. Mimi nilikuwa namwita mvivu.

Jumatano, 9 Aprili

Hata hivyo nimepeleka bakuli. Mama ni mama.

Jumamosi, 12 Aprili

Kuku wazima waliobaki. Princess anakohoa. Ni ukungu huu.

Jumatatu, 14 Aprili

Anakohoa bado. Nimempa maji ya tangawizi. Zahanati wamesema kifua safi, mafua. Naserian anataka mtoto ahamie kwa Naftali mpaka masika iishe. Nikasema hakuna mtoto wa nyumba hii atakayemkimbia baba yake.

Nimesema hivyo. Naliandika ili lisimame.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nilikwenda ibada ya adhuhuri, Naserian alikwenda kwao Olmotonyi kumwona mama yake anayeumwa. Princess nilimwacha jikoni na uji, kikohozi kilikuwa kimetulia. Ibada haikuwa ndefu. Nilirudi nimejifunika khanga kichwani, ukungu mzito hata nyumba yangu niliiona nilipoigusa.

Nikafungua mlango wa mbele. Kuku walikuwa wamebanana ukutani pande zote mbili, wamefumba macho, wote. Katikati ya njia amesimama Princess. Kavaa gauni lake la kanisani. Nywele zinachuruzika maji, na nje hakutoka, viatu vyake vilikuwa vikavu mlangoni. Mkono mmoja ameuinua juu kidogo, kama mtoto anavyoshikwa mkono na mtu mzima barabarani. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa juu ya kitu.

Nikamwita. Akageuza kichwa tu.

"Bibi, Baba ana baridi. Hajui pa kulala. Amesema twende nikamwonyeshe."

"Ukamwonyeshe wapi?"

"Hajasema. Kwenye maji, nadhani."

Mimi si mwoga. Nimezika mume na wazazi, nimefukuza chui na ukuni wenye moto zamani za msitu. Lakini nilibaki kizingitini. Kilichonisukuma ni ule mkono. Uliinuka kidogo zaidi, kama aliyeushika ameanza kutembea.

Niliingia katikati. Baridi yake sijawahi kuiona hata kule juu kwenye jivu la mlima. Nikamshika mtoto kiunoni, nikamvuta, na kitu kikamvuta upande wa pili, si kwa ubaya, kama mtu anayezama anavyoshika chochote. Nikasema kwa sauti, "Abdiel! Mwachie! Huyu ni mtoto wako!"

Akaachia. Tukaanguka wote wawili juu ya maranda. Princess akakohoa, akapangusa mdomo kwa mkono wa gauni, na gauni jeupe likabaki na mstari unaong'aa.

Pale chini nikaelewa, na naandika kwa aibu maana naliandika kama mtu asiye na shule hata ya maisha. Hakuja kwangu ale. Hakuja aketi. Amesimama masika tatu kwa sababu hakuna aliyemlaza, na aliyekataa kumlaza ni mimi. Nilikuwa nampikia loshoro mtu anayeomba ardhi.

Nikambeba Princess mgongoni kama kichanga, miguu yake inaburuta, nikaenda naye kwa Naftali ukunguni. Alikuwa anakula. Akainuka akiwa na tonge mkononi.

Nikamwambia, "Kata."

Hakuniuliza nini.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Princess na mama yake wako kwa Naftali. Hakohoi. Mimi nimelala kwangu. Mtu hawezi kuacha kuku peke yao. Wala mwanawe.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Leo nimemzika mwanangu.

Asubuhi Naftali na vijana walinipeleka kuchagua mgomba. Alionyesha mmoja karibu na mfereji. Nikamwambia, "Huu mfupi. Abdiel alikuwa anainama kuingia jikoni kwangu. Unataka kumzika nusu?" Akaonyesha mwingine. Huo mnene, nikakataa, mwanangu hakuwa na tumbo. Wa tatu nikausogelea, nikasimama ubavuni mwake kama nilivyosimama naye siku ya harusi, ukanipita kichwa na bega palepale anaponipita yeye. Nikauwekea mkono. Naftali akakata kwa pigo moja, utomvu ukamrukia shati. Akasema, "Pole, Shemeji." Nikamwambia atazame panga lake.

Wakauleta uwani. Naserian akauosha kwa maji ya vuguvugu, akauvika suruali ya Abdiel na shati lake la kitenge, akafunga vifungo vyote, na cha shingoni akakiacha wazi maana hakupenda kubanwa. Ndipo nikaona jinsi alivyomjua. Nikawa nimekaa kwenye mkeka, wakaniwekea mapajani.

Ulikuwa mgomba. Naandika ukweli. Ulikuwa unanuka mgomba, baridi ya mgomba, na mimi kikongwe nimepakata majani mbele ya watu. Nikakaa. Neno halikuja. Mwinjilisti alisimama mbali kidogo na mwavuli, maana usharika hauyatambui mambo haya, lakini alikuja. Watu wakaanza kukohoa.

Nikasema, "Fungueni mlango wa mbele."

Wakafungua. Toka pale mkekani naiona korido yote. Kuku walikuwa ukutani. Njia iko wazi, imelowa. Nikaita kama nilivyokuwa namwita jioni akichelewa kuchunga. "Abdiel. Giza linaingia. Njoo ulale."

Kuku walifunguka. Sijui niseme vipi. Wale wa mwisho, wa mlangoni pa chumba chake, wakatoka ukutani wakajaa katikati, halafu waliofuata, halafu waliofuata, kuja upande wetu, kama maji yanavyofunga nyuma ya mtu anayevuka. Njia ikafunga mpaka kizingitini. Hapo Diwani akawika. Mbele ya wote, mchana, sauti nzima.

Na mapaja yangu yakalemewa.

Nimezaa, nimelea na mjukuu, najua uzito wa mtu aliyelala. Mgomba hauna uzito ule. Miguu yangu ilizama kwenye mkeka. Kutoka kwenye suruali maji yakaanza kuchuruzika, meusi, yakapita kati ya vidole vyangu, na Naserian akaweka kiganja chake juu ya kiganja changu. Nikasema, "Lala sasa. Mama amekuachia." Nilisema tu mara moja. Sikutaka aombwe kama deni.

Vijana wanne waliunyanyua wakashindwa. Wakaongezwa wengine. Gidion alikuwa amesimama nje ya ua, hakuitwa, hakuthubutu. Nikamwita mimi. "Wewe. Umesimama kama mgeni wa nani? Shika huku miguuni." Akashika. Akakaza shingo mpaka mishipa ikatoka, na hakuuachia mpaka shimoni. Mwinjilisti akafunga mwavuli akaja akasali, mvua ikimnyeshea.

Ijumaa, 25 Aprili

Maranda makavu. Nimeyatoa nikachoma. Mayai matatu, yana magamba.

Jumatatu, 28 Aprili

Gidion amesema kideri kimepita, niwaachie. Nikafungua. Hawakutaka kutoka, walisimama kizingitini wakitazama majani kama wasomi. Kishingo akatangulia.

Jioni Naftali akaja na wazee wawili. Wakasema Naserian yuko huru, ukoo hauna neno, lakini Princess ni damu ya ukoo, atabaki kwa bibi yake. Ndivyo ilivyo kwetu, na nilijua watasema hivyo. Kusema kweli nilikuwa nimeshaandaa kitanda chake chumbani kwangu.

Naserian hakulia wala hakubisha. Alikuwa amekaa karibu na moto, ameinamisha kichwa, anasubiri nitamke. Na mimi nikamwona vile alivyokuwa masika zote, alfajiri, kwa magoti, na tambara.

Nikasema, "Mtoto anakwenda na mama yake."

"Shemeji!" Naftali akashika kichwa. "Hiyo si desturi."

"Desturi nimeishika wiki iliyopita, bado mapaja yananiuma. Hii nyingine nimechoka. Mtoto atakuja likizo, na akija hajui kusalimia nitawatafuta wote wawili."

Naserian akaniuliza, "Mama, na wewe utakaa na nani?"

"Nina kuku," nikamwambia. "Nenda kafunge mizigo."

Jumapili, 11 Mei

Wameondoka na Gidion. Princess ameacha daftari.

Jumatano, 14 Mei

Mvua zinapungua. Mlima umeonekana asubuhi, una barafu kidogo kileleni.

Nimesimama koridoni. Hakuna harufu. Nyumba ni kavu na ni kubwa. Niliita jina lake mara moja, kwa kujaribu tu. Hakuna aliyekuja. Ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeshuka sokoni Usa River na trei ya mayai. Pale kwenye nyanya nikakutana na Anna, tuliyepata kipaimara pamoja, siku hizi anakaa Olasiti kwa binti yake na habari za huku hazimfikii. Amenenepa, macho yamefifia, akanitambua kwa sauti nilipokuwa namgombeza muuza nyanya.

Tukashikana mikono. Akauliza wa nyumbani. Akauliza kuku. Akauliza, "Na Abdiel wako, yule mrefu? Yuko wapi siku hizi?"

Mdomo wangu ulikuwa na jibu lake tayari, lile la miaka yote, limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

Nikasema, "Amekufa."

Anna akaweka kikapu chake chini, kwenye matope, katikati ya watu wanaopita na mikokoteni. Akanikumbatia. Mimi si mtu wa kukumbatiwa sokoni. Watu walikuwa wanatazama, trei ya mayai ilikuwa bado mkononi, na muuza nyanya akauliza kama nanunua au sinunui.

Nikamwacha anishike.